Kujenga Tanuri la Udongo la Kuni Nje ya Nyumba: Kuanzia Jukwaa Hadi Mkate wa Kwanza

Katika tanuri la kuni, moto hutangulia na chakula hufuata. Kuni huwashwa ndani ya kuba la udongo kwa saa mbili hivi, ukuta na sakafu hunywa joto, kisha makaa huondolewa au husogezwa kando, na mikate huingizwa iive kwa joto ambalo ukuta unalirudisha taratibu. Ndivyo matanuri ya boflo yalivyofanya kazi katika miji ya pwani, na mkate wa mofa nao huiva kwa joto la ukuta wa udongo. Mtu akilishika jambo hili kabla ya kuchimba udongo, ataelewa kwa nini nitarudia mara kwa mara mambo mawili: uzito unaohifadhi joto, na koti linalolizuia lisitoroke.

Ninaandika haya nikiwa Muheza, mkoani Tanga, baada ya kujenga matanuri matatu kwa mikono yangu. La kwanza nililijenga juu ya zege lililomwagiwa mchanga mtupu, bila kitu chochote cha kuzuia joto chini ya sakafu. Kuba lilishika moto vizuri na mikate ikapata rangi juu, lakini chini ilibaki nyeupe na yenye unyevu, kwa sababu joto la sakafu lilikuwa linazama katika zege na kokoto. Nilichoma kuni nyingi kupita kiasi kwa miezi minne, kisha nikalibomoa. Makosa mengi ya tanuri hurekebishika baadaye, lakini kosa la chini ya sakafu halirekebishiki bila kubomoa kila kitu kilicho juu yake.

Mahali na majira

Chagua mahali palipo angalau mita tatu kutoka ukuta wa nyumba, na mbali zaidi ya hapo ikiwa karibu kuna paa la makuti au la nyasi, kwa kuwa cheche moja inayoruka wakati wa kuwasha inatosha kushika kuti kavu. Tazama pia upepo. Kwetu pwani, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi. Kwa hiyo mdomo wa tanuri ukielekezwa magharibi, pepo zote mbili hulipiga mgongoni. Upepo unaoingia mdomoni moja kwa moja huurudisha moshi ndani, hupoza sakafu ya mbele, na humtupia mpishi ndimi za moto usoni. Anayeishi bara hana budi kukaa na eneo lake kwa muda na kuona moshi wa jiko la kawaida unaelekea wapi jioni nyingi.

Kazi ya udongo ifanywe baada ya masika kuisha, kati ya Juni na Septemba, na banda la bati lenye nguzo nne liwe limeshasimama kabla ya kuba kuanza. Paa liwe juu ya kilele cha kuba kwa mita moja au zaidi. Udongo usiochomwa hauna namna ya kushindana na mvua ya masika, hata ukipigwa lipu nzuri kiasi gani.

Vipimo vya kuamua mapema

Kwa familia, au kwa mtu anayeuza mikate michache mtaani, kuba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 80 linatosha, maana linapokea mikate sita hadi minane ya nusu kilo kwa mkupuo mmoja. Kimo cha ndani kiwe sentimita 42. Mlango uwe na kimo cha sentimita 26 hadi 27 na upana wa sentimita 40.

Kimo cha mlango si jambo la kukisia. Wajenzi wa matanuri ya udongo hushikilia kwamba mlango uwe karibu asilimia 63 ya kimo cha kuba, na sababu yake inaonekana kwa macho moto unapowaka: hewa baridi huingia ikitambaa sakafuni, hupita kwenye kuni, hupanda nyuma ya kuba, kisha moshi hurudi mbele ukifuata dari na kutokea sehemu ya juu ya mlango uleule. Mlango ukiwa mrefu mno, joto linamwagika nje pamoja na moshi. Ukiwa mfupi mno, moto hukosa hewa na kuba hujaa moshi mweusi. Hii ndiyo sababu pia tundu la moshi halitobolewi kileleni mwa kuba, kosa ambalo nimeliona mara nyingi. Tundu la hapo hutoa joto lote kabla ukuta haujalinywa.

Ukuta mzito utakuwa na unene wa sentimita 9, koti sentimita 10, na lipu sentimita 2 au 3, hivyo kipenyo cha nje kitafika sentimita 123 hivi. Jukwaa liwe na upana wa sentimita 130 na urefu wa sentimita 150, ili mbele kubaki nafasi ya tao la mlango.

Jukwaa

Hii ni kazi ya kawaida ya mwashi na sitakaa hapo sana. Chimba msingi wa sentimita 30, weka mawe na zege, kisha inua kuta nne za tofali za kuchoma au za saruji. Ujaze ndani yake mawe, kokoto na kifusi, ukishindilia kila baada ya sentimita 20. Hapa jiwe la matumbawe linafaa kabisa, kwa kuwa moto hautalifikia. Sakafu ya tanuri iishie kwenye kimo cha sentimita 95 hadi 100 kutoka chini, ambacho kwa watu wengi ni usawa wa kiwiko. Chini ya hapo mgongo utauma, na juu ya hapo hutaona ndani. Acha sentimita 20 za mwisho za kuta hizo bila kujazwa, ziwe kama kisanduku, maana ndimo itakamokaa sakafu na koti lake la chini.

Sakafu, na kilicho chini yake

Ndani ya kisanduku hicho pangwe chupa tupu za kioo, zikiwa zimelala na kugusana, kiasi cha chupa 50 hadi 60. Ziwe hazina vifuniko, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani ya chupa hupanuka inapopata joto. Kati yake na juu yake jaza vumbi la mbao au maganda ya mpunga yaliyochanganywa na uji mzito wa udongo, hadi unene wote ufike sentimita 11 au 12. Hewa iliyotulia ndani ya chupa, pamoja na vitundu vinavyobaki vumbi la mbao likishaungua na kuwa mkaa, ndiyo inayozuia joto lisizame. Walio karibu na Rungwe wana kitu bora zaidi: mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, ambayo yakichanganywa na uji wa udongo hayaungui wala hayabonyei.

Acha tabaka hili likauke hadi liwe gumu kwa mguu. Baada ya hapo tandaza sentimita 2 za mchanga laini uliochanganywa na majivu, na usawazishe kwa ubao na pima maji kwa uvumilivu wote ulio nao, kwa kuwa sakafu iliyoinama au yenye ngazi ndogo kati ya matofali itakwamisha kila mkate utakaousukuma.

Matofali ya kustahimili moto, yale yanayotumika katika matanuri ya viwandani, ndiyo bora, na yatahitajika kama 40. Yasipopatikana, tofali za kuchoma za kawaida zinafaa kwa masharti: zichaguliwe kutoka katikati ya tanuri la tofali, ambako moto ulizifikia pande zote, zisiwe na kokoto ndani, na mbili zikigongwa pamoja zilie kama chuma. Tofali linalotoa sauti nzito kama ya ubao halikuiva, na ndani ya mwaka mmoja litakuwa vumbi linaloingia kwenye mkate. Yapangwe makavu, bila saruji wala udongo kati yake, yakibanana, na yalazwe kwa mshazari ili beleshi la kuingizia mikate lisigonge kingo zake. Yajaze duara la kipenyo cha sentimita 98 hivi, ili ukuta wa kuba ukae juu ya matofali.

Vitu viwili visiguswe na moto kabisa. Cha kwanza ni saruji: joto likifika karibu nyuzi 450 za Selsiasi, sehemu ya kinachoishikilia huvunjika, na kiungo kinabaki unga. Cha pili ni jiwe la matumbawe, ambalo ni jiwe la chokaa. Ndilo hilohilo tunalolichoma kupata chokaa ya kujengea, na ndani ya tanuri litamenyuka na kubanduka vipande. Mawe ya mtoni nayo yaepukwe, kwa sababu unyevu uliojificha ndani yake ukigeuka mvuke unaweza kuyapasua kwa kishindo.

Udongo

Hapa ndipo tanuri linapofaulu au kushindwa, na hakuna fedha inayoweza kuchukua nafasi ya siku mbili za majaribio.

Ukuta mzito unatengenezwa kwa vitu viwili tu, mfinyanzi na mchanga. Mchanga ndio unaobeba uzito na kuvumilia joto. Mfinyanzi ni gundi inayoushika. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utasinyaa unapokauka na kupasuka nyufa pana. Mchanga ukizidi, ukuta utakuwa unamwagika kila unapoguswa. Udongo wa kichuguu ni zawadi kubwa kwa kazi hii, kwa kuwa mchwa huchagua chembe ndogo na kuzifunga vizuri, na wafinyanzi na waashi wa vijijini wameutumia tangu zamani. Lakini hata vichuguu vinatofautiana kulingana na ardhi viliposimama, kwa hiyo upimwe kama udongo mwingine wowote.

Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana kwa udongo uliopondwa, ongeza maji hadi karibu na juu na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie. Mchanga utakuwa umezama ndani ya dakika moja. Tope laini litafuata kwa saa chache, na mfinyanzi utatulia juu kabisa baada ya siku nzima au zaidi. Kwa kupima unene wa matabaka hayo matatu utajua mchanga uliomo tayari na ule wa kuongeza. Mchanganyiko wa mwisho unapaswa kuwa na mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30.

Kipimo cha chupa hutoa mwelekeo tu. Uamuzi hutolewa na vitofali vya majaribio. Tengeneza vitatu, vyote vya urefu wa sentimita 20: cha kwanza kwa sehemu moja ya udongo na moja ya mchanga, cha pili kwa moja na mbili, cha tatu kwa moja na tatu. Viache kivulini hadi vikauke kabisa, kisha vipime tena. Kilichopungua zaidi ya nusu sentimita, au kilichopasuka, kina mfinyanzi mwingi mno. Kinachochubuka ukikisugua kwa kidole gumba kina mchanga mwingi mno. Kwa kichuguu cha hapa kwetu, sehemu moja kwa mbili ndiyo iliyokubali. Kwako inaweza kuwa tofauti.

Mchanga wenyewe uwe wa mtoni au wa shimoni, wenye chembe zenye kona. Wa ufukweni uachwe, kwa sababu una chumvi na vipande vya kome, na chembe zake zimelainishwa na mawimbi kiasi kwamba hazishikani.

Changanya juu ya turubai kwa kukanyaga kwa miguu mitupu, ukigeuza turubai kila baada ya dakika chache, na uongeze maji kidogo sana. Wanaoanza karibu wote humwaga maji kupita kiasi kwa sababu udongo mkavu unachosha. Kipimo ni hiki: finyanga tonge la ukubwa wa ngumi, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua. Likitawanyika ni kavu; likibonyea na kuwa bapa kama kinyesi cha ng'ombe lina maji mengi; likibaki tonge lenye nyufa ndogo pembeni, liko tayari. Zitahitajika kama ndoo nane au tisa za lita 20, na ukuta huu peke yake utakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, ndiyo maana nilisisitiza jukwaa lenye msingi.

Kuba

Chora kwa chaki duara la sentimita 80 juu ya sakafu. Simamisha katikati kijiti cha sentimita 42, kisha anza kurundika mchanga mbichi, ukiupigapiga kwa ubao, hadi kijiti kifunikwe. Zitaingia ndoo nane au tisa. Pande zipande karibu wima kwa sentimita 10 za kwanza kabla ya kuanza kujikunja, kwa sababu kuba linaloinama kuanzia sakafuni huiba nafasi ya mikate ya pembeni na huelemea kuanguka. Zunguka tanuri mara nyingi ukitazama umbo kutoka kila upande. Kasoro ya mchanga itakuwa kasoro ya udongo. Baadaye funika mchanga wote kwa vipande vya gazeti vilivyoloweshwa. Gazeti ndilo litakalokuambia, siku ya kutoa mchanga, kwamba umefika ukutani.

Siku ya udongo alika watu wawili au watatu, kwa sababu kuba ni lazima likamilike siku moja. Udongo wa jana na wa leo hushikana vibaya. Anzeni chini mkizunguka, kila tonge likigandamizwa juu ya lile lililo chini yake, kamwe si dhidi ya mchanga, kwani mkono unaosukuma kuelekea ndani huharibu umbo. Kata kijiti cha sentimita 9 na ukichomeke kila mara kupima unene. Mkishafunga kilele, pigeni ukuta wote kwa ubao ili hewa iliyobaki itoke na matonge yawe kitu kimoja.

Acha kuba kivulini kwa siku moja hadi tatu kutegemea unyevu wa hewa. Wakati wa kukata mlango umefika pale kidole hakibonyezi udongo lakini ukucha unaacha alama. Chora mlango kwa vipimo vile vya mwanzo, ukate kwa kisu ukiinamisha kingo kidogo ili sehemu ya nje iwe pana kuliko ya ndani, na toa mchanga kwa mkono, taratibu, kuanzia katikati. Ukiona dari inashuka, rudisha mchanga na usubiri siku nyingine. Mara ya pili nilipojenga niliharakisha hatua hii kwa nusu siku, na kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka.

Mbele ya mlango jenga tao fupi la matofali lenye kina cha sentimita 25, kwa udongo uleule, na juu yake simamisha bomba la moshi lenye kipenyo cha sentimita 15. Bomba liwe la chuma kisichopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Tanuri hufanya kazi hata bila bomba. Lakini anayesimama mbele yake kila siku atalishukuru.

Kukausha, koti na lipu

Baada ya wiki moja ya kivuli, washa moto wa kwanza: vijiti vichache vya unene wa kidole, kwa saa moja tu. Kesho yake saa mbili. Siku ya tatu ongeza vipande vya unene wa kifundo cha mkono, na uendelee hivyo kwa siku sita au saba, ukiongeza kila siku kidogo. Maji yaliyofungwa ndani ya ukuta wa sentimita 9 yanahitaji muda wa kutembea hadi nje. Yakichemka kabla hayajatoka, mvuke hubandua udongo kwa ndani. Kuba litatoa jasho, madoa ya unyevu yatajitokeza nje na kuhama kutoka mahali hadi mahali, na hayo yote ni dalili nzuri. Siku ya mwisho, ondoa makaa yote, weka sufuria baridi kinywani mwa tanuri. Ikilowa, bado kuna maji.

Nyufa nyembamba kama uzi zisikusumbue, kwani zitafunguka na kujifunga kila tanuri litakapopata joto na kupoa. Zile zinazoingiza ncha ya kisu zijazwe kwa mchanganyiko uleule wa udongo, baada ya kuloweshwa kidogo.

Sasa lifuate koti. Changanya ndoo tatu au nne za vumbi la mbao, maranda au maganda ya mpunga kwa ndoo moja ya uji wa udongo, hadi ukibana kiganjani lishikane bila kuchuruzika. Weka unene wa sentimita 10 pande zote bila kupigapiga kwa nguvu, kwa sababu hapa tunataka vitundu vya hewa, kinyume kabisa na ukuta wa ndani. Zitakwenda kama ndoo kumi. Watu wengi huchoka wakifika hatua hii, kwa kuwa tanuri tayari linawaka na linapika, na wanaliacha uchi. Tanuri lisilo na koti hupika mkupuo mmoja na kupoa. Lenye koti hupika jioni, na asubuhi bado huwezi kuliwekea mkono ndani kwa muda mrefu.

Koti likishakauka kwa wiki mbili, piga lipu ya udongo, mchanga laini na samadi ya ng'ombe iliyovundikwa siku kadhaa, au ya chokaa na mchanga kwa sehemu moja na tatu. Saruji isitumike hata hapa nje, maana hufungia unyevu ndani na hupasuka kuba linapotanuka.

Vifaa vya kulitumikisha

Mlango utengenezwe kwa mbao ngumu zenye unene wa sentimita 4 au 5, ukae kwenye kingo za kinywa cha tanuri bila mwanya mkubwa, na uwe na mpini. Ukilowekwa majini kabla ya kuoka hautaungua haraka, na mvuke wake utausaidia mkate upate ganda zuri. Kwa kuingiza na kutoa mikate tengeneza beleshi la mbao, kibao bapa cha upana wa sentimita 30 chenye ncha nyembamba na mpini wa mita moja na nusu. Jingine la chuma jembamba hufaa kwa kugeuza pitsa na mikate ya ajemi. Makaa hukokotwa kwa kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye fimbo ndefu ya chuma, kwa umbo la jembe. Sisi wa Tanga tuna katani karibu, na ufagio wa katani uliolowa vizuri husafisha majivu kuliko ufagio mwingine wowote niliowahi kujaribu. Ukikauka utashika moto, kwa hiyo ndoo ya maji isiwe mbali. Hitaji jingine ni ndoo ya chuma yenye kifuniko kwa ajili ya makaa na majivu, ambayo yanaweza kuhifadhi moto zaidi ya siku moja, na watoto huyaona yamekufa.

Kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa kinafaa sana ikiwa kinasoma hadi nyuzi 500. Vile vya kupimia homa kwenye paji la uso havifai, kwa kuwa masomo yake huishia kwenye joto la mwili.

Kuwasha na kupika

Kuni ziwe zimepasuliwa na kukauka kwa miezi sita au zaidi. Mvinje huwaka kwa joto kubwa na kwa muda mrefu. Mchungwa unaotolewa mashambani miti inapozeeka ni mzuri sana, na mwembe na mkaratusi pia hufaa. Mikoko iachwe ilipo, inalindwa na sheria. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa zisiingizwe kabisa mahali panapopikiwa chakula, wala mnyaa, ambao utomvu wake ni hatari kwa macho.

Washa moto mbele ya katikati, na ukishashika usukume nyuma kidogo kidogo. Kwa kiasi cha kilo 12 hadi 15 za kuni, katika saa mbili hivi, dari itapita hatua tatu: itakuwa na rangi yake, kisha itapakwa masizi meusi, na hatimaye masizi yataungua na dari kuwa nyeupe tena, kuanzia kileleni na kushuka pembeni. Weupe huo hutokea ukuta ukishafika karibu nyuzi 350 au zaidi, na ni kipimo cha kuaminika hata kwa asiye na kifaa chochote.

Ukitaka pitsa au mkate wa ajemi, sogeza makaa upande mmoja, acha mwali mdogo ukiwaka, na upike kwa dakika mbili au tatu. Kwa boflo na mikate mingine minene, toa makaa yote, fagia, funga mlango kwa dakika 20 hadi 30 ili joto lisambae sawasawa, kisha nyunyiza unga kidogo sakafuni. Unga ukiwa mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia ndani ya sekunde 15 hadi 20, ingiza mikate. Sakafu itakuwa kwenye nyuzi 230 hadi 250, na mikate ya nusu kilo itaiva kwa dakika 25 hadi 30 mlango ukiwa umefungwa.

Joto linaloshuka lisipotezwe. Baada ya mikate huja zamu ya samaki au kuku katika sinia, kisha keki joto likifika nyuzi 180, kisha chungu cha maharage kinacholala humo hadi alfajiri. Asubuhi, joto likiwa limeshuka hadi nyuzi 60 hivi, vipande vya embe hukauka vizuri juu ya wavu, mlango ukiachwa wazi kidogo ili unyevu utoke.

Matunzo

Lipu ikaguliwe kila mwaka kabla ya masika, na sehemu zilizobanduka zirudishiwe. Tanuri lililokaa bila kutumika kwa mwezi mzima wa mvua liwashiwe kwanza moto mdogo wa saa mbili, siku moja kabla ya kupika, kwa sababu litakuwa limenywa unyevu wa hewa. Tofali la sakafuni likivunjika, litoe kwa ncha ya chuma, sawazisha mchanga ulio chini yake, na uweke jingine la kimo kilekile. Hii ndiyo faida ya kuyapanga makavu, na ndiyo sababu mimi huweka akiba ya matofali matano chini ya banda tangu siku ya ujenzi.